Kikombe Kilichoandikwa "Arabia"

Mama alikipokea kwa mikono miwili na, kabla hata hajaitazama picha, akakigeuza kitako juu. Ndivyo anavyopokea chombo chochote kipya. Sahani, bakuli, birika, chochote cha udongo kikiingia nyumbani kwetu Tanga lazima kwanza kieleze kimetoka wapi. Akasogeza miwani, akasoma kwa sauti: ARABIA. Uso ukamng'aa. "Kumbe cha Uarabuni!" Nikamwambia, mama, malizia na neno la chini. Akasoma: FINLAND. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Sasa huko Ufini kwenu kuna Arabia gani?"

Sikuwa na jibu. Nimeishi Helsinki miaka tisa, nafanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee, na kila zamu ya asubuhi nawamiminia wazee kahawa kwenye vikombe vyenye neno hilo kitakoni. Sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Niliporudi kazini baada ya likizo ile, swali la mama nikawa nalo mkononi kila nilipoinua kikombe, na hatimaye likanifikisha mbali kuliko nilivyodhani.

Jibu la swali lenyewe ni fupi. Mwaka 1873 kampuni ya Uswidi iitwayo Rörstrand, ambayo ilikuwa kwenye kazi ya kauri tangu 1726, ilijenga kiwanda nje kidogo ya mji wa Helsinki. Kiwanja walichokipata kilikuwa tayari kinaitwa Arabia, na kiwanda kikalirithi jina la kiwanja. Uarabuni haumo kabisa katika habari hii. Kilichowaleta Waswidi ni soko. Ufini wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na chombo kilichotoka Helsinki kiliingia Urusi kwa urahisi kuliko kilichotoka Stockholm. Tanuri la kwanza likawashwa 1874.

Miaka ya mwanzo Arabia ilikuwa mtoto wa Rörstrand kwa kila kitu, hadi maumbo ya sahani. Ikakua. Kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900 ikapata medali ya dhahabu. Mwaka 1916 Wafini wenyewe wakainunua, mwaka mmoja kabla nchi yao haijajitawala. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa na wafanyakazi wapatao 2000, wengi wao wanawake, ikihesabiwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya kauri Ulaya nzima. Na katikati ya moshi na makelele hayo, tangu 1932, kulikuwa na kitengo cha sanaa: wafinyanzi kama Toini Muona, Rut Bryk na Birger Kaipiainen walipewa vyumba, udongo na matanuri, wakaachiwa wafuate mioyo yao. Kiwanda kinachomlisha msanii bila kumdai sahani za kuuza sokoni, mimi hilo nalihesabu kuwa tendo la heshima.

Lakini mtu ninayetaka kumzungumzia hakutengeneza vyombo vya kutundikwa ukutani. Alitengeneza vikombe.

Kaj Franck alizaliwa 1911 huko Viipuri, mji uliokuwa wa pili au wa tatu kwa uzito katika Ufini ya siku zile. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Viipuri haukuwa tena wa Ufini. Wasovieti waliuchukua pamoja na sehemu kubwa ya jimbo la Karelia, na Wafini zaidi ya 400,000 wakahama makwao wakiwa na walichoweza kubeba. Serikali ikawatafutia ardhi na vyumba. Nyumba zilikuwa ndogo, majiko madogo, fedha hakuna. Mwaka 1945 Arabia ikamwajiri Franck aongoze usanifu wa vyombo vya matumizi, na huyo Franck ni mtoto wa mji uliopotea.

Mtindo wa wakati huo, kwa familia iliyojiweza, ulikuwa kununua seti nzima. Sahani ya supu, sahani ya nyama, ya keki, bakuli la mchuzi na mfuniko wake, vyote vya ua moja, vipande kwa makumi. Kikivunjika kimoja, seti imeharibika. Franck aliitazama desturi hiyo na kuona haiwafai watu wanaolala watano chumba kimoja. Akatengeneza vyombo vichache vyenye kazi nyingi: bakuli la kupikia tanurini liwe hilo hilo la kupakulia mezani, sahani zipangike moja juu ya nyingine zisile kabati, rangi ziwe za kuchanganyika. Ukiwa na hela ya kikombe kimoja, unanunua kimoja. Mwezi ujao unaongeza sahani. Maua hakuweka hata moja. Maumbo yake yalikuwa duara, mraba na mstatili, basi. Vyombo hivyo viliitwa Kilta na viliingia madukani mwaka 1953.

Nimeviona vya zamani kwenye soko la mitumba la Jumapili, vya kijani kibichi na vya njano, kingo zimemomonyoka kwa vijiko vya miaka mingi. Ukikishika unajua kwamba aliyekichora alikuwa anamfikiria mtu atakayekiosha. Hakuna kona ambayo uchafu unaweza kujificha. Kilta ilisimamishwa katikati ya miaka ya 1970, ikarudi mwaka 1981 ikiwa imetengenezwa kwa udongo mgumu zaidi unaostahimili jiko la kisasa, na jina jipya: Teema. Kikombe cha Teema ni silinda fupi yenye mkono. Mtoto wa shule anaweza kukichora kwa mistari minne.

Jambo moja kuhusu Franck limenikaa sana moyoni. Miaka ya 1960, wakati wasanii wa Ufini walikuwa wakisifiwa duniani na majina yao yakitumika kuuzia bidhaa, yeye alisimama hadharani akapinga. Aliona kikombe kisimame chenyewe, bila jina la aliyekibuni. Chombo cha kila siku hupita mikononi mwa wachanganyaji wa udongo, wachomaji na wapakiaji, na kumpa sifa yote mtu mmoja aliyeshika kalamu hakukumwingia akilini. Alifariki Septemba 1989.

Mwaka uliofuata, 1990, Arabia ilichukua kikombe chake cha Teema ikakipaka picha za Moomin.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na Moomin: ni viumbe weupe, wanene, wapole, wenye pua kubwa inayomfanya mtu wa kwetu aseme ni watoto wa kiboko. Wanaishi bondeni, kwenye nyumba ya mnara, na mlango wao haufungwi kwa mgeni. Aliwabuni Tove Jansson, mchoraji wa Helsinki aliyezaliwa 1914, baba mchonga sanamu na mama mchoraji. Kitabu chake cha kwanza kuhusu viumbe hao kilitoka 1945, mwaka ule ule Franck alipoingia Arabia, na nchi ikiwa kwenye majonzi yale yale. Familia yake ya Moomin inapatwa na mafuriko, inahama, inapotezana, inakutana tena, na Mama Moomin hata katikati ya gharika hauachi mkoba wake. Anayeujua ukimbizi atauelewa mkoba ule bila maelezo.

Arabia ilishawahi kutoa vyombo vya watoto vya Moomin miaka ya 1950. Hivi vya 1990 vilikuwa vingine. Msanii wa kauri Tove Slotte (wanafanana jina la kwanza tu na Jansson) alipewa kazi ya kupitia michoro ya asili ya Jansson na kuihamishia kwenye kikombe. Vikatoka vinne: cha kijani, cha buluu, cha waridi na cha njano. Wakati huo huo Japani ilikuwa imetengeneza katuni za televisheni za Moomin, na zilipofika Ufini watoto walipagawa nazo. Vikombe vikanunuliwa. Slotte aliendelea, na miundo yake sasa imepita mia.

Nimekaa na kikombe changu nikijaribu kuelewa kwa nini kimewezekana. Ukitazama vizuri, siri iko kwenye umbo la Franck. Ukuta wa kikombe umesimama wima, hauna tumbo wala shingo. Picha inauzunguka bila kukunjamana, kama karatasi iliyoviringishwa. Unaanza kusoma upande mmoja wa mkono, unakizungusha taratibu, na hadithi inaishia upande wa pili wa mkono ule ule. Franck aliondoa mapambo yote kwa sababu ya watu wasio na kitu, na kwa kuyaondoa akaacha ukurasa mweupe. Kwenye kitako cha kikombe changu kuna jina la Arabia na la wenye haki ya Moomin. La Franck halipo. Alichokitaka kimetimia.

Ila nusu tu. Maana kikombe kilichobuniwa kinunuliwe kimoja kimoja na wasio na uwezo wa seti, ndicho leo Wafini wanakikusanya kwa makumi hadi kinajaza kuta.

Utaratibu ni huu. Vikombe vya kawaida vinakaa dukani miaka, halafu kimoja kinasimamishwa ili kingine kiingie. Tena kuna vya msimu: kimoja cha kiangazi, kimoja cha majira ya baridi, kila mwaka, vinauzwa kwa miezi michache, vikiisha vimeisha. Tena kuna vya tukio maalumu, kama kile cha kuukaribisha mwaka 2000. Kikombe kipya dukani ni zaidi ya euro 20. Kikishasimamishwa, bei inaondoka mikononi mwa duka na kuingia mikononi mwa watu. Vile vinne vya mwanzo vinauzwa kwa mamia ya euro kikiwa kizima. Kinachosimuliwa kuliko vyote kilitengenezwa mwaka 2004 kwa ajili ya Fazer, kampuni ya chokoleti ya Ufini, vipande kama 400 tu. Hicho bei yake ni maelfu ya euro. Kwa kikombe cha chai.

Mwanzoni niliona ni wazimu. Kisha nikaanza kuwasikiliza wenyewe. Mfanyakazi mwenzangu ananunua cha msimu wa baridi kila mwaka tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Kwenye rafu lake anakuonyesha kwa kidole: mwaka huu tulihamia hapa, mwaka huu baba alifariki, mwaka huu ni korona. Mwingine ana kikombe cha kila mtu wa familia, na mgeni akifika mara ya tatu anachaguliwa chake. Nilichaguliwa mimi Little My, yule msichana mdogo wa hadithi za Moomin mwenye fundo la nywele utosini na hasira, nikajua nimekubaliwa. Na wanavinywea. Hilo ndilo lililonishangaza. Kikombe cha euro mia kinaingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo pamoja na sufuria. Wanaoviweka ndani ya maboksi wakisubiri bei ipande wapo pia, na kusema kweli siwapendi. Wanamnyang'anya kikombe mtoto ambaye angekipenda.

Anayenunua kwa mtu ana macho ya mama yangu. Anakigeuza kitako kwanza. Muhuri umebadilika mara nyingi tangu 1873, na anayejua anaweza kukadiria umri wa chombo kwa kuutazama tu: kuna wenye taji, kuna wenye jina la nchi, kuna wenye tarakimu. Kisha anapitisha ukucha ukingoni kutafuta mpasuko. Kisha anakigonga kidogo na kusikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinasema kwa sauti ya kukwaruza. Bibi yangu alinunua vyungu vyake kwa namna hiyo hiyo.

Wapo pia wanaoujua muhuri ule kwa sababu walikuwa upande wa pili wake. Kwenye nyumba ya wazee tulikuwa na bibi aliyeingia Arabia akiwa msichana. Kazi yake, kwa miaka, ilikuwa kubandika mikono ya vikombe. Kikombe kinakuja kikiwa udongo mbichi uliokaza kidogo, mkono unakuja peke yake. Unachovya ncha zake kwenye uji wa udongo, unaubana mahali pake, unafuta kinachozidi kwa sifongo iliyoloa. Ukichelewa udongo umekauka, hautashika. Ukiharakisha, umepinda. Baada ya hapo ndipo kikaushwe, kichomwe, kipakwe ule ute unaogeuka kioo motoni, kichomwe tena. Na picha, kama ipo, haichorwi juu ya kikombe: inachapwa kwenye karatasi maalumu, karatasi inalowekwa, utando mwembamba wa rangi unateleza na kukaa juu ya kikombe, fundi anaukanda mpaka hewa yote itoke, kisha kikombe kinarudi tanurini mara nyingine ili rangi ishikamane na kioo. Bibi yule alikuwa amesahau majina ya wajukuu. Lakini kila nilipompa kahawa, kidole gumba chake kilikwenda chenyewe pale mkono unapokutana na kikombe, kikapapasa kiungo. Alikuwa anakikagua.

Sijui kama aliwahi kuelewa kwamba kiwanda chake kimefungwa. Umiliki wa Arabia ulikuwa umezunguka sana: mwaka 1947 iliingia mikononi mwa Wärtsilä, watu wa meli, 1990 ikanunuliwa na Hackman, na tangu 2007 iko chini ya Fiskars, kampuni ya Kifini iliyoanza kufua chuma mwaka 1649. Mwaka 2016 matanuri ya Helsinki yalizimwa na uzalishaji ukahamia Thailand na Romania. Miaka 142 ya moto ikaishia hapo. Sababu zilizotolewa ni zile tunazozijua wote, gharama na ushindani. Mimi siwalaumu mafundi wa Thailand hata kidogo. Kikombe chao ni kizuri na mikono yao inastahili ujira. Ninachosikitikia ni kitu kingine. Kiwanda kilichojenga mtaa mzima, kikaupa mtaa jina, kikafundisha vizazi vya wanawake kujua udongo kwa ncha za vidole, ujuzi ule hauwezi kupakiwa kwenye kontena. Unakaa ndani ya watu, na watu wanazeeka kwenye nyumba kama ninayofanyia kazi.

Jengo bado lipo. Tramu inakushusha karibu yake, jina la ARABIA liko juu ukutani. Nilipokwenda, ndani mlikuwa na makumbusho na duka, na juu ghorofani wasanii wachache wa kauri walikuwa bado na vyumba vyao. Ilikuwa siku ya mapumziko, theluji ikiwa imegeuka tope, nikakuta watu wamejipanga foleni kwa ajili ya kikombe kipya. Wengi walikuwa kina mama wa makamo wenye mifuko ya kubebea. Nilisimama nao. Hawakunishangaa.

Kwenye foleni ile nilikuwa nawaza Kunduchi. Tulipelekwa huko na shule, kwenye magofu ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kuona makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo. Wazee wetu walipachika bakuli za kauri kutoka China ndani ya chokaa ya nguzo zile, mdomo ukitazama nje. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo. Lamu na kwingineko nyumba za mawe zina vidaka, safu za vijumba vidogo ukutani, na humo ndani kaya ya watu ilipanga vyombo vyake vya kauri vilivyovuka bahari. Kwa hiyo kupenda chombo cha mbali, kukipa mahali pake ukutani, kukigeuza na kusoma kitako chake, hayo hatukuyasomea Ulaya. Yapo pwani kabla Rörstrand hawajachimba msingi wa tanuri lao la kwanza.

Kidaka chetu cha leo ni kabati la vyombo. Lile la mama lina vioo viwili vya kusukuma na kufuli, liko sebuleni mkabala na mlango ili anayeingia alione. Tulipokuwa wadogo tulilijua kama tunavyojua picha. Vikombe vya ua la zambarau, sahani sita zenye mstari wa dhahabu, birika lenye mfuniko, vyote vya wageni. Sisi tulikunywa kwenye vikombe vya bati, na mama mwenyewe pia, cha kwake cha rangi ya maziwa kilichobanduka ukingoni. Sikukuu vilitoka. Posa ikiletwa vilitoka. Mgeni akishaaga, mama aliviosha kwa mkono wake, hakumwachia mtu, akavirudisha kila kimoja kwenye alama yake ya vumbi.

Kwa hiyo nilipompelekea kile kikombe, cha Mama Moomin na mkoba wake, nilimsihi. Nikamwambia, mama, huku wanavinywea hivi. Mtu aliyekibuni alitaka kitumike kila siku na watu wa kawaida. Nikamweleza habari za vita na wakimbizi na seti zilizovunjika. Alinisikiliza vizuri sana, akakubali kila neno, akafungua kufuli, akakiweka rafu ya katikati, mkono ukiwa umeelekea kulia. Mwaka uliofuata nikamtumia cha pili, nikidhani kikiwepo kimoja cha kabatini na kimoja cha jikoni tatizo litakuwa limekwisha. Vikakaa viwili kabatini.

Disemba iliyopita nilifika Tanga usiku, basi lilichelewa. Nililala kama gogo. Asubuhi nikasikia mama anapita na ndala zake, kisha sauti ya ufunguo, kisha kioo kikisukumwa. Nilipotoka sebuleni, chai ya rangi ilikuwa imeshamiminwa, iliki inanukia, mihogo ya kukaanga kwenye sahani yenye mstari wa dhahabu. Mbele ya kiti changu kilikuwapo kikombe cha Mama Moomin, kimepanguswa mpaka kinang'aa.

Nikamwambia, shikamoo mama, hatimaye unakitumia!

"Marahaba," akasema, akavuta kiti, akajimiminia chai kwenye kikombe chake cha bati. "Si kuna mgeni nyumbani bwana. Karibu chai, mwanangu."

Nikakishika kwa mikono miwili.